Udongo, Maji na Watu wa Cirangkas

9 Novemba

Nimefika. Mvua ilianza kabla gari halijamaliza kupanda, na mpaka naandika haijakatika. Nimepewa chumba kwa Ceu Entin, mjane anayekaanga mihogo na kuiuza mbele ya nyumba yake. Ceu ni dada mkubwa, na kitongoji kizima kinamwita hivyo, hata wazee waliomzidi umri. Mdogo wake, Pak Oman, yaani Bwana Oman, ndiye mkuu wa kitongoji. Kitanda ni kizuri. Dirisha linatazama mlima wenyewe.

Naandika kwa sababu daktari wangu wa mjini Bandung ameniambia niandike ninavyojisikia. Leo sijisikii vyovyote.

10 Novemba

Vivyo hivyo.

12 Novemba

Ceu Entin alinikuta mezani na kompyuta, akaweka sahani ya mihogo juu ya karatasi zangu.

"Neng," akasema. Ananiita Neng kana kwamba ni mdogo wake wa tumbo moja. "Wenzako wawili nimewaelewa. Yule Mjava mpole anachimba udongo. Yule Mbatak mwenye kelele anapima maji. Wewe je? Maana nakuona umekaa tu."

"Mimi naunganisha."

"Unaunganisha nini?"

Nikamweleza. Pak Suryantoro, Mjava, anaueleza mlima kama matabaka: mweusi juu, mwekundu katikati, mfinyanzi chini kabisa unaoteleza kama sabuni. Bang Togar, yaani Kaka Togar, Mbatak, anaueleza kama njia za maji: yanaingia wapi, yanakwenda kwa kasi gani, yanatokea wapi. Hakuna anayesema uongo. Lakini ukishika maelezo ya mmoja wao peke yake, mlima haumo. Kazi yangu ni kuyafanya maelezo yao yakae pamoja kwenye kompyuta na kukubaliana pale yanapopakana, ili tuweze kuuliza: ikinyesha hivi, mteremko ulio juu ya nyumba hizi utasimama au hautasimama? Kitu hicho tunakiita kielelezo mseto. Kabla ya mlima nilifanya mfupa. Kwa daktari mfupa ni kiungo, kwa mhandisi ni nguzo, kwa mkemia ni chokaa, na mgonjwa anataka tu kutembea. Kabla ya mfupa nilifanya mwamba wa matumbawe. Ufundi ni uleule.

"Aa, kumbe wewe ni mshenga," akasema Ceu Entin.

"Mshenga?"

"Si unawaoza watu wasioelewana?"

Bang Togar alikuwa barazani anatafuna. Alicheka mpaka akapaliwa. "Mshenga! Dada Wiar, leo umepata cheo!"

Nilitabasamu, kwa sababu ndivyo watu wanavyofanya.

15 Novemba

Mvua.

18 Novemba

Nilijua ataniuliza, na leo ameniuliza. Tulikuwa tunamenya mihogo.

"Mume yuko Bandung?"

"Alifariki. Septemba."

"Innalillahi. Aliugua?"

"Hapana. Alikuwa mezani anakula. Mshipa wa kichwani."

Akaacha kumenya. Nikaendelea. Sikumwambia mengine. Kwamba nilikiokota kijiko chake nikakiosha kabla sijampigia mtu simu. Kwamba siku ya saba na siku ya arobaini niliwapikia wali wageni wote wa hitma, nikahesabu viti, nikamlipa mwenye turubai. Kwamba mama mkwe alinitazama akaniuliza, "Hata chozi, mwanangu?", na nikaingia jikoni kama mtu aliyeitwa.

Umewahi kukalia mguu ukafa ganzi? Unauona, unaushika, unajua ni wako. Lakini ukiukanyagia haupo. Ndivyo nilivyo, mwili mzima. Daktari, hilo ndilo jibu.

27 Novemba

Bwana harusi na bibi harusi wamegombana. Pak Suryantoro anaandika wakati wake kwa miaka: udongo kwake ni kitu cha kale. Bang Togar anaandika kwa saa. Nikiyaunganisha, maji yanafika mpakani na kupotea.

"Udongo wako unakunywa kama mlevi," akasema Togar.

"Mvua yako ndiyo yenye mashimo," akajibu Pak Suryantoro kwa sauti ya chini. Kwake hayo ni matusi makubwa.

28 Novemba

Wananuniana. Nimefanya kazi vizuri.

3 Desemba

Mpaka umetengemaa, lakini sasa kuna jambo jingine. Kwenye mabomba ya kupimia tuliyozamisha ardhini, juu ya mfinyanzi, kuna maji mengi kuliko mvua yote iliyonyesha. Togar aliapa kwamba mvua yake ameipima mwenyewe. Suryantoro aliapa kwamba mabomba ameyazamisha mwenyewe. Nikachukua mwavuli nikatoka.

Pak Oman alinikuta njiani akaamua kufuatana nami. Ni mwembamba, anaongea mfululizo, anavaa kandambili hata kwenye matope. Nyuma ya kila nyumba ya juu kuna bwawa la samaki. Nilikuwa nayaona kila siku. Kwenye ramani ya Togar mabwawa ni uso wa maji. Kwenye ramani ya Suryantoro ni ardhi yenye unyevu. Wote wawili wameyachora, na hakuna aliyeandika kwamba ni mashimo ambayo watu wanayajaza kutoka kijitoni kwa mabomba ya mianzi, usiku na mchana, msimu mzima.

"Samaki wasipopata maji mapya wanalegea," Pak Oman akaniambia.

"Na maji ya zamani yanakwenda wapi?"

Akautazama mteremko, akayatazama mapaa ya chini yetu. Kwa mara ya kwanza alinyamaza.

5 Desemba

Nimeongeza maelezo ya tatu: watu. Nani analala wapi, nani anakwenda kuchuma chai na anarudi lini, mvua ikinyesha wanafanya nini, ikikatika wanafanya nini. Nimeuliza nyumba hadi nyumba. Watu wana mazoea kuliko maji.

Pak Oman alikuja kuchungulia kioo cha kompyuta. "Na mimi umo?"

"Umo. Wewe ni nukta hii."

"Nukta! Mkuu mzima wa kitongoji!" Akamwita dada yake. "Ceu! Njoo uone nilivyokonda!"

14 Desemba

Kikao msikitini. Nilieleza kwamba mteremko wa juu umebeba maji mengi kuliko unavyoweza, na kwamba njia ya kwanza ni kukausha mabwawa. Watu waligunaguna, lakini Pak Oman alisimama akasema la kwake litakauka kesho, na mwingine akafuata, na mwingine. Aliyebaki ni Ceu Entin.

"Langu halikauki."

"Ceu," Pak Oman akasema.

"Usiniite. Lile bwawa alilichimba marehemu kwa jembe, mikono ikamtoka malengelenge, hakuruhusu mtu amsaidie. Nikae nilitazame likiwa shimo la matope?" Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe Neng, usinifundishe. Wewe uliyemzika mumeo ukarudi kwenye kompyuta yako bila hata chozi, utajua nini kuhusu bwawa la marehemu?"

Nilikuwa nimemweleza mwenyewe, jana yake, kuhusu chozi. Sijui kwa nini nilimweleza.

"Sijui," nikamjibu. Ilikuwa kweli.

15 Desemba

Chakula kilikuwa mezani kama kawaida, kimefunikwa. Yeye hakuwapo.

16 Desemba

Hivyo hivyo. Ng'onda na wali. Mvua.

22 Desemba

Mvua. Amenisalimia.

2 Januari

Niliamshwa na makelele nyuma ya nyumba. Ceu Entin yumo bwawani, matope hadi magotini, kanga kaifunga kibwebwe, anakamata samaki kwa mikono na kuwarusha kwenye beseni. Alikuwa amekata ukingo kwa jembe mwenyewe.

"Usisimame hapo kama mlingoti," akanifokea. "Shika beseni."

Nikashika. Alipomaliza alikaa ukingoni akitazama tope linavyomeremeta. Sura yake ilikuwa imevimba. Nilikaa kando yake. Nilifikiri kuna neno mtu husema wakati kama huo, nikalitafuta, halikuja.

Mchana kitongoji kizima kimekula samaki wa kukaanga na pilipili ya kusaga. Togar alikula kama anayelipiza kisasi.

11 Januari

Maji juu ya mfinyanzi yameshuka kidogo. Pak Suryantoro amefurahi, amerudi Bandung kuandika.

13 Januari

Mvua kubwa.

16 Januari

Mvua kubwa. Kijito kimekuwa mto.

19 Januari

Kuna ufa katikati ya shamba la chai, juu ya nyumba. Unaingia mkono. Togar aliusimamia muda mrefu bila kupiga kelele, nikajua ni mbaya. Niliendesha kielelezo. Kinasema mteremko unasimama kwa bahati tu.

Pak Oman alitangaza kwa kipaza sauti cha msikiti, na kabla ya giza nyumba za juu zote zilikuwa zimehamia shule, ng'ambo ya bonde. Watu walibeba magodoro, majiko, kuku. Ceu Entin alibeba karai lake la kukaangia kichwani kama kofia ya chuma.

23 Januari

Shuleni. Watoto wanakohoa. Mvua.

27 Januari

"Bu Wiar," yaani Bi Wiar, mama mmoja akaniuliza kwenye foleni ya maji, "mlima bado upo?"

"Upo."

"Aa. Nilidhani umetukimbia, maana sisi ndio tuliokimbia."

Walicheka. Wana haki. Wamelala sakafuni na mlima umekaa palepale.

1 Februari

Mvua.

2 Februari

Mvua. Mama mkwe amepiga simu. Sikupokea. Sikuwa na sababu.

5 Februari

Jioni hii mvua imekatika. Kimya chake kinaumiza masikio.

8 Februari

Naandika ya juzi, tarehe sita.

Asubuhi lilitoka jua ambalo hatujaliona tangu Novemba. Bonde lote lilifuka mvuke. Kabla ya chai kuiva watu walikuwa wameshabeba magodoro wanavuka daraja kurudi. Hakuna aliyeomba ruhusa. Walikuwa wanaimba.

Togar alikuwa barazani mwa shule ananyoa ndevu. "Mvua imekwisha, dada, na hatari imekwisha. Kipimo changu kinasoma sifuri. Nenda kaoshe nywele."

Nilifungua kompyuta kwa mazoea tu. Kwa maelezo ya Togar, mvua imeshuka hadi sifuri, kila kitu shwari. Kwa maelezo ya Pak Suryantoro, maji hushuka polepole kwenye udongo mwekundu. Ya mvua ya mwisho yalikuwa bado njiani, na yangefika kwenye mfinyanzi siku hiyo alasiri. Hilo peke yake lisingenitisha, kwani nyumba zilikuwa tupu. Lakini kwa maelezo ya tatu, ya watu, siku ya kwanza ya jua kila mtu hurudi kwake kuanika. Niliyaendesha yote pamoja. Mteremko ulikuwa dhaifu kuliko siku yoyote ya msimu, katika saa ileile ambayo nyumba zilikuwa zimejaa kuliko siku yoyote ya msimu.

Nilimwita Togar. Alikuja na povu shavuni. Alitazama mara moja, akasema neno la kwao ambalo silijui, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

Nilimpigia Pak Suryantoro Bandung.

"Bu Wiar," alisema kwa upole wake, "kielelezo hakijahakikiwa. Ukiwatoa watu leo, jua linawaka, na jambo lisitokee, mvua ijayo hawatakusikiliza. Ndipo watakapokufa. Tukae kikao kesho."

Alichosema kilikuwa sahihi. Nilikiona kuwa sahihi. Nikakata simu nikavuka daraja.

Pak Oman alikuwa juu ya paa lake anabadilisha vigae.

"Shuka, Pak. Watu watoke."

"Leo? Na jua hili?"

"Leo. Kabla ya alasiri."

"Una hakika?"

"Sina."

"Sasa Neng, niwaambie nini? Kwamba Bu Wiar hana hakika?"

"Ningekuwa na mtoto humu," nikamwambia, "ningemtoa."

Alinitazama kutoka juu, kigae mkononi. Kisha akakiweka taratibu, akashuka.

Kipaza sauti kilipolia watu walitoka milangoni wakacheka. "Pak Oman, mlima nao unaogopa jua?" Mwingine: "Tuhame tena? Mimi kuku wangu ndio kwanza wametaga!" Ceu Entin alikuwa amesimama katikati ya uwanja wake, mikono kiunoni.

"Godoro langu liko juani, halijakauka hata upande mmoja."

"Ceu, nakuomba," Pak Oman akasema.

"Uliniomba bwawa nikakupa."

"Ulinipa. Sasa nakuomba na wewe mwenyewe utoke. Au nikubebe? Nitakubeba, wakuone wote."

Alimsonya. Lakini alilikunja godoro, na wenzake walipomwona Ceu Entin analikunja godoro, wakaanza nao kukunja. Togar alibeba watoto wawili wawili. Pak Oman alipita mlango kwa mlango anagonga kwa kandambili yake, anatania, anatisha, anabembeleza. Walishuka wakilalamika, lakini walishuka.

Tulikuwa darajani, Ceu Entin kando yangu. Pak Oman alikuja anahema. "Wamekwisha?" akaniuliza. "Nani bado?"

Nilikuwa nimeifungua kompyuta juu ya ukuta wa daraja. Nilitazama. "Nyumba ya Juhdi," nikasema. "Pale juu kabisa. Inaonyesha watu watatu."

"Nimegonga pale. Kimya."

"Saa hizi huwa wamelala. Mama yao ni mzito wa kusikia."

"Kweli, bibi yule hasikii," akasema, akapanda tena.

Tulimwona akifika. Tulimsikia anaita, "Juhdi! Bibi!" na anagonga. Kisha shamba la chai lilisogea. Halikuanguka. Lilisogea lote kwa pamoja, miti imesimama wima, kama meza inayosukumwa na mtu. Sauti ilikuja baadaye.

Juhdi na mkewe na mama yao walikuwa zahanati. Walitoka asubuhi, walipoona jua, wakampeleka bibi kutazamwa macho. Nyumba ilikuwa tupu.

9 Februari

Wamempata Pak Oman. Tumezika.

10 Februari

Nimepika wali.

12 Februari

Pak Suryantoro amekuja na watu wawili wa taasisi. Alisimama mbele ya kifusi chekundu kwa muda mrefu, miwani mkononi. Alipozungumza hakuwa akijisifu. Alikuwa mtu aliyeogopa na sasa anatafuta pa kushika.

"Bu Wiar, nilikosea kukuambia usubiri. Nitaliandika hilo. Lakini tazama: nyumba kumi na nne zimekwenda, na ndani yake hapakuwa na mtu hata mmoja. Kielelezo kimefaulu."

"Na Pak Oman?"

"Pak Oman alikuwa nje," akasema. Kisha akasikia alichokisema, akageuza uso.

Tangu Novemba nimemwona Pak Suryantoro kama kabati lililofungwa. Leo nimemwona mzee aliyevaa viatu visivyofaa matope.

13 Februari

Togar halii kwa sauti, jambo ambalo sikulitegemea. Anakaa na kipima mvua chake mapajani kama paka.

15 Februari

Siku ya saba ilipita juzi. Leo asubuhi nilimkuta Ceu Entin nyuma ya shule anamenya mihogo. Nilikaa, nikachukua kisu.

"Ceu, mimi ndiye niliyemwambia kuna watu."

"Najua. Nilikuwa nimesimama pale."

"Hapakuwa na mtu. Kielelezo kilisema wapo kwa sababu kila siku huwa wapo."

Alimenya mhogo mmoja hadi mwisho. Nilingoja anipige. Ningemshukuru.

"Usingemwambia, labda angekwenda vilevile," akasema. "Oman ndivyo alivyokuwa, tangu utoto alikuwa harudi mpaka amehesabu mbuzi wote. Au labda asingekwenda, na leo angekuwa hapa ananisumbua. Mimi sijui. Wewe hujui. Na huo mtambo wako haujui." Akanisukumia kikapu kwa mguu. "Wakati mwingine nakutazama nataka kukutwanga. Wakati mwingine nakumbuka nimekaa hapa namenya kwa sababu yako. Siwezi kuyapatanisha hayo mawili, wala sina nia ya kujaribu leo. Menya."

Tukamenya.

17 Februari

Ripoti. Pak Suryantoro alisoma rasimu yangu akafika mahali nilipoandika: nyumba ya Juhdi, kielelezo kilisema watatu, hapakuwa na mtu, aliyepanda kuwaita alifariki.

"Hili ni dogo kitaalamu," akasema kwa sauti ya chini. "Liende kwenye kiambatisho."

"Litakaa ukurasa wa kwanza."

"Watatushambulia."

"Watushambulie. Na kuna lingine, Pak. Kwenye maelezo ya watu nimeweka wanaolala, wanaokwenda shambani, wanaorudi kuanika. Sikuweka anayepanda wakati wengine wanashuka. Kila kitongoji kina mmoja kama huyo. Kielelezo kinachomwambia mtu aende wapi bila kujua kwamba atakwenda, hicho si kizima."

"Mtu kama huyo utampimaje?"

"Sijui. Tuandike kwamba hatujui."

Alivaa miwani, akavua, akavaa. Kisha akachukua kalamu akasaini chini ya jina langu, ukurasa wa kwanza.

18 Februari

Sote tumeitwa turudi Bandung. Togar ameondoka, alinikumbatia hadi mbavu zikalia. Mimi nimeomba kubaki mpaka Idi. Hakuna aliyeniuliza sababu, na nashukuru, maana nisingekuwa nayo.

Nimempigia mama mkwe. Tulizungumza kuhusu bei ya mchele na goti lake. Mwishoni akasema, "Unakula lakini?" Nikasema nakula.

19 Februari

Ramadhani imeingia. Daku tulikula wali na mayai, watu wazima kimya, watoto wamesinzia juu ya sahani. Mchana tulisafisha kiwanja cha chini ambacho kitongoji kimepewa kujenga upya. Ni tambarare, jua kali, hakuna hata mti. Nilibeba mawe pamoja na wanawake. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyenikaribisha.

Jioni tulikaa uwanjani mwa shule kwa safu. Mbele ya kila mtu bilauri ya maji, tende, kipande cha mhogo. Jua lilizama nyuma ya mlima. Tukangoja. Anga ikawa zambarau, tukangoja. Watoto walianza kutazamana. Polepole ikatuelea wote, safu kwa safu, niliona jinsi ilivyopita nyusoni. Ngoma ya magharibi huku hupigwa na mkuu wa kitongoji, miaka yote, na hakuna aliyekumbuka kumpa mwingine kazi hiyo. Hakuna aliyesogea. Kila mtu alitazama maji yake. Mzee mmoja alifunika macho kwa kofia.

Ceu Entin alinyanyuka. Alikwenda pale jiko lilipo, akachukua karai lake na upawa, akasimama katikati ya uwanja. Alilipiga. Mlio ulikuwa mbaya sana, kama sufuria inayogombana na mawe, nao ukavuka bonde ukagonga mlima ukarudi. Alipiga tena na tena, midomo imekazwa, mashavu yamelowa, hadi mkono ukamchoka.

"Haya, kuleni!" akatufokea. "Au mnangoja barua ya mwaliko?"

Mtu akacheka, sauti ikamkatikia. Watu wakasema bismillahi.

Nilinyanyua bilauri nikanywa. Maji yalikuwa ya uvuguvugu na yana ladha ya moshi. Niliyamaliza. Nikajimiminia mengine nikayamaliza, kisha nikamnyooshea bilauri mama aliyekaa kando yangu mwenye birika, yule wa foleni ya maji, akanijazia.

Nilikuwa na kiu. Nilikuwa na kiu kali sana.